MASWALI YA WASOMAJI: Nyuma ya kamera za Dr. No, Bond wa kwanza wa bajeti ya kubana

Toleo lililopita nilisema kwa mistari miwili tu kwamba Dr. No, picha ya kwanza ya James Bond, ilitengenezwa kwa hela ndogo, na tangu hapo meseji hazijakatika, wengine wanabisha, wengine wanataka zaidi, na wapo waliouliza vitu ambavyo nilikuwa natafuta tu sababu ya kuviandika. Kwa hiyo leo ukurasa wote ni wa picha hiyo moja. Kwa ambaye hajaiona, stori ni fupi: mpelelezi wa Uingereza anatumwa Jamaica kuchunguza mwenzake aliyepotea, anafuata nyayo mpaka kisiwa cha Crab Key, anamkuta bwana mmoja mwenye mikono ya chuma anayevuruga roketi za Marekani. Haya twende.

SWALI: Mhariri nakuheshimu sana ila hapo umetupiga kamba. Bond gani wa bajeti ndogo? Huyu tunayemjua ana magari ya ajabu, majumba, mabomu, kila picha anazunguka dunia nzima. Taja basi ni shilingi ngapi. (Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Sijakupiga kamba kaka. Bond unayemzungumzia ni wa baadaye, alipokuwa ameshatajirika. Huyu wa 1962 alipewa kama dola milioni 1 na kampuni ya United Artists na hapo ndo mwisho, na ukitaka kujua ilikuwa ndogo kiasi gani kwa macho ya wakati ule angalia Cleopatra, iliyokuwa inapigwa miaka hiyohiyo na kutoka 1963, ile ilikula zaidi ya dola milioni 30. Maprodyuza wawili, Harry Saltzman na Albert Broccoli, walitaka kuanza na Thunderball lakini stori ile ilikuwa na mgogoro wa nani mwenye haki nayo, wakaiweka pembeni wakachukua Dr. No, kitabu cha Ian Fleming cha 1958. Na kitabu hiki kina faida kubwa kwa mtu asiye na hela, karibu kila kitu kinatokea Jamaica, hakuna kurukaruka nchi tano.

Kamera zilianza kuzunguka tarehe 16 Januari 1962 pale uwanja wa ndege wa Palisadoes, Kingston. Tarehe 21 Februari wakaondoka Jamaica na vipande vingine havijapigwa kwa sababu hali ya hewa ilibadilika, siku tano baadaye wako Pinewood Uingereza wanaendelea ndani ya studio, na tarehe 30 Machi wakafunga. Siku 58 za kupiga picha kwa jumla. Ule mlipuko mkubwa wa mwishoni, wa kambi ya Dr. No kuteketea, ilibidi tawi la Uingereza la United Artists liongeze kama dola laki 1 maana mfuko wa kawaida usingeufikia.

Hata stelingi alikuwa wa bei nafuu. Kuna majina makubwa yalifikiriwa, Cary Grant mmojawapo, ila huyo angekubali picha moja tu na wao walitaka mtu wa kuendelea naye. Wakamchukua Sean Connery, miaka 31, kijana wa Edinburgh aliyewahi kusambaza maziwa mitaani. Dairekta Terence Young akampeleka kwa fundi wake wa suti London, Anthony Sinclair, akashonewa, alafu akaambiwa alale na ile suti usiku ili mwili uizoee aivae kama ngozi yake. Hapo hawakubana hela, na mimi naona ndo mahali pa maana kuliko pote walipotumia, kwa sababu unaweza kuwa na ukuta wa mbao na meza ya kuazima lakini mtu anayesimama mbele yake akisimama sawasawa mtazamaji haangalii ukuta.

Picha ilizinduliwa London tarehe 5 Oktoba 1962, na kwa miaka yote iliyofuata imeingiza karibu dola milioni 60 duniani. Iliyofuata, From Russia with Love ya 1963, ikapewa milioni 2. Kuanzia hapo ndo unaanza kumwona Bond wako wa Tabata.

SWALI: Nimeirudia juzi na mtoto wangu wa kidato cha tatu. Kile chumba anachoitwa Profesa Dent, yule kibaraka wa Dr. No, kwenda kuchukua buibui wa kumuua Bond, mle ndani hakuna kitu, kiti, meza na duara kubwa juu ya dari basi, na sauti ya mtu asiyeonekana. Mbona kinatutisha kuliko maabara yenye mitambo yote ile? (Msomaji wa Nyali, Mombasa)

JIBU: Dada umegusa penyewe. Kile chumba kiko hivyo kwa sababu hela ilikuwa imeisha.

Mtu wa seti alikuwa Ken Adam, mzaliwa wa Berlin ambaye familia yake ilikimbilia Uingereza, na vita kuu ya pili akarusha ndege za kivita upande wa Waingereza. Kwa seti zote za picha nzima alitengewa pauni 14,500 akaona haiwezekani, akawabembeleza maprodyuza mpaka wakaongeza pauni 6,000 mfukoni kwao. Wakati wenzake wote wako Jamaica kwenye jua yeye alibaki Pinewood na mafundi anajenga, hakuna wa kumsimamia, hakuna wa kumuuliza, akajaza steji tatu kwa namna alivyoona mwenyewe, akachanganya chuma na mawe na fanicha za kizamani, alafu akakaa na wasiwasi wenzake wakirudi watasemaje. Walirudi wakapenda.

Sasa hicho chumba cha Dent kilikuja mwishoni kabisa, hela imeshaliwa na nyumba ya Dr. No na ile maabara. Alichofanya ni kuinamisha dari, akaweka tundu moja la duara lenye nondo, taa ikapiga kutoka juu, kivuli cha zile nondo kikaanguka sakafuni mpaka ukutani, akaacha mtu mmoja mdogo amesimama katikati ya huo utupu. Basi. Dent anaonekana ameshahukumiwa kabla hajaambiwa kosa lake. Angekuwa na pauni elfu mbili za ziada angeweka makabati na saa ya ukutani na zulia na sisi leo tusingekuwa tunaandikiana.

Na si hapo tu. Ukimwangalia Bond anapokula chakula na Dr. No, nyuma kuna tangi kubwa la samaki kama wako chini ya bahari. Tangi la kweli lenye samaki wakubwa nani angelipia? Walichukua filamu iliyokwishapigwa zamani ya samaki wadogo wakaitupia kwenye kioo, na kwa kuwa ilikuzwa sana samaki wakatokea majitu. Wangeweza kuogopa watu watagundua. Badala yake wakaandika mazungumzo mapya palepale, Dr. No anaeleza kwamba kioo kinakuza, na Bond anamjibu kwamba ni vidagaa vinavyojifanya nyangumi, sawa na yeye pale kisiwani. Yaani ubovu wa tangi umegeuka kuwa tusi, na ndo tusi zuri kuliko yote kwenye ile picha nzima!

Kipo kingine ambacho watazamaji wa leo wanakipita bila kujua. Bond anapopanda ngazi kuelekea meza ya chakula anasimama ghafla anaitazama picha ya kuchorwa. Ile ni sura ya Duke of Wellington aliyoichora Goya, na ya kweli iliibwa National Gallery ya London mwezi Agosti 1961, gumzo Uingereza yote, polisi hawana hata fununu. Ken Adam akachora nakala yake wakaitundika nyumbani kwa adui. Watu wa London Oktoba 1962 walielewa sekunde hiyohiyo, kumbe aliyeiba ni Dr. No! Ya kweli ilirudi 1965. Gharama ya hiyo ni turubai na rangi.

SWALI: Yule buibui wa kitandani alitembea kweli juu ya Connery? Sisi hapa maskani tumebishana mpaka tukawekeana soda. (Vijana wa Soweto, Mbeya)

JIBU: Wote mmeshinda nusu. Mara ya kwanza walikigeuza kitanda wakakibandika ukutani, Connery akaegemezwa pale, katikati yake na buibui kukawa na kioo. Terence Young alipoiona hakupendezwa, maana jicho linahisi huyu mdudu hagusi ngozi. Kwa hiyo wakapiga upya vipande vingine buibui akitembea kwenye ngozi ya mtu kwelikweli, ila mtu mwenyewe si Connery, ni Bob Simmons, bingwa wa michezo ya hatari wa hiyo picha, ndiye aliyepanga ngumi zote mnazoziona. Baadaye alisema kazi iliyomtisha kuliko zote alizowahi kufanya ndo ile. Mtu aliyezoea kuanguka na kupigwa, anaogopeshwa na mdudu! Kwenye kitabu lakini hakuna buibui, ni tandu.

Na huyuhuyu Simmons mmemwona mara nyingi bila kujua. Ule mwanzo maarufu, duara jeupe, mtu wa kofia anatembea, anageuka ghafla anafyatua, damu inashuka, yule ni Simmons na si Connery, na aliendelea kuwa yeye kwa picha tatu za kwanza mpaka Thunderball ya 1965 ndo Connery akapiga mwenyewe. Aliyebuni ni Maurice Binder, alianza na vistika vyeupe vidogo vya kubandika bei za bidhaa, akavipanga kwenye karatasi kama alama za risasi. Kupiga picha ndani ya mtutu wa bunduki ya kweli ilimsumbua kwa sababu lenzi ya kawaida haikuweza kuona vizuri mle ndani, ikabidi atumie kamera ya kitundu kidogo kama cha sindano. Na kitu hichohicho kimefungua picha za Bond miaka na miaka.

Jina la Bob Simmons kwenye orodha ya waigizaji na mafundi wa Dr. No halimo. Hilo linaniuma na ndo maana nimeliandika hapa mara nyingi makusudi.

SWALI: Kuna mtu aliniambia Ursula Andress hakuongea hata neno moja kwenye hiyo muvi. Inawezekanaje na mdomo unaonekana unafunguka? (Msomaji wa Area C, Dodoma)

JIBU: Aliongea, ila sauti unayoisikia si yake. Andress ni Mswisi, na lafudhi yake ya Kiingereza ilikuwa nzito, kwa hiyo sauti ya Honey Ryder, yule msichana wa ufukweni anayemcheza, iliwekwa baadaye studio na mwanadada Nikki van der Zyl. Na anapotoka majini anaimba? Hapo napo ni mwingine, Diana Coupland. Kwa hiyo msichana mmoja pale ufukweni ametengenezwa na wanawake watatu. Van der Zyl hakuishia kwa Andress, ukimsikia Sylvia Trench wa kwenye meza ya kamari, yule ambaye Bond anajitambulisha kwake kwa mara ya kwanza, ni yeye tena, ingawa mwigizaji Eunice Gayson alikuwa Mwingereza anaongea vizuri tu. Na jina lake pia halikuwekwa.

Bikini nyeupe ya Andress iliuzwa kwenye mnada wa Christie's London 2001 kwa kama pauni 35,000. Lois Maxwell naye, yule Moneypenny wa ofisini, alipewa siku mbili za kazi kwa pauni 100 kwa siku na nguo alikuja nazo kutoka nyumbani kwake.

SWALI: Kaa! Nimesoma kitabu, yule dada anafungwa chini aliwe na kaa, mbona kwenye picha hakuna kaa hata mmoja, anafungwa kwenye maji? Na lile joka? (Msomaji wa Lamu)

JIBU: Kaa walikuwepo kwenye mpango. Wakaagizwa kutoka Karibi wakafika Uingereza wamegandishwa kwenye barafu, na wewe mtu wa Lamu huhitaji kuelezwa kaa aliyegandishwa anatembeaje. Walijaribu, hawakusogea kitu, wakabadilisha, maji yanampanda polepole badala ya kaa. Joka ni gari la kupita kwenye matope lililopakwa rangi likawekewa meno na bomba la kurusha moto, na mchana linaonekana ni gari tu, lakini walilipiga usiku.

SWALI: Mimi ni mtu wa silaha, nilikuwa jeshini. Dent anafyatua risasi, Bond anamwambia hiyo ni Smith & Wesson na umeshamaliza sita zako. Ile si Smith & Wesson. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Shikamoo afande. Uko sahihi, anayoshika Dent ni Colt ya 1911 imefungwa kizuia sauti, na magazini yake inabeba risasi 7, kwa hiyo kwa hesabu Bond alitakiwa afe palepale na picha iishe. Hata ile anayokabidhiwa Bond ofisini kwa M, bosi wake, wakimwambia ni Walther PPK, iliyotumika ni Walther PP, dada yake mkubwa kidogo. Walitumia kilichokuwepo.

Ila stori ya kubadilishiwa bastola yenyewe imetoka kwa msomaji kama wewe. Kwenye vitabu vya mwanzo Bond alibeba Beretta ndogo, na mwaka 1956 mtaalamu wa silaha mmoja wa Glasgow, Geoffrey Boothroyd, akamwandikia Fleming barua kwamba ile ni bastola ya kike haimfai mpelelezi wa namna hiyo, akapendekeza nyingine. Fleming hakukasirika. Alibadilisha silaha, alafu akamweka bwana huyo ndani ya stori kabisa, Meja Boothroyd, ndo huyo anayeingia ofisini kwa M na mkoba. Kwa hiyo endelea kutuandikia.

SWALI: Nani hasa alitunga ule muziki maarufu wa Bond? Mmoja anasema John Barry, mwingine Monty Norman. (Msomaji wa Mwanza)

JIBU: Wote wawili wamo ndani na waligombania mpaka mahakamani. Monty Norman ndiye aliyepewa kazi ya muziki wa picha, akaenda na Jamaica kabisa, na ule mstari wa gitaa unaoujua ulikuwa wimbo wake wa zamani aliouandika kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wa nyimbo uliotokana na kitabu cha V. S. Naipaul kuhusu Wahindi wa Trinidad, A House for Mr Biswas. Mchezo haukupanda jukwaani, wimbo ukabaki kwenye droo, una mtembeo wa Kihindi kabisa ukiusikia ulivyokuwa. Maprodyuza wakaona haujawa mkali, wakamwita kijana John Barry aupange upya kwa malipo ya mara moja, kama pauni 250, akaleta zile tarumbeta na gitaa la Vic Flick na ndo ukawa huo. Mtunzi anayetambulika ni Norman, na mwaka 2001 alishinda kesi dhidi ya gazeti la Sunday Times lililoandika vinginevyo, akalipwa pauni 30,000. Barry naye akapata riziki upande wa pili, akafanya muziki wa picha 11 za Bond zilizofuata.

Nikisikiliza naona kila mmoja peke yake asingefika. Norman alikuwa na nyimbo, Barry alikuwa na moto.

Kwa wapenzi wa rege, nyongeza: ile bendi inayopiga baa ni Byron Lee na wenzake, wanamuziki halisi wa Jamaica, na mmoja wa vijana waliozunguka na wazungu wale kuwatafutia maeneo ya kupiga picha ni Chris Blackwell, ndiyo, huyo wa Island Records aliyekuja kumtoa Bob Marley duniani.

SWALI: Nawapenda sana ila niseme ukweli, huyu Quarrel ananiumiza. Mvuvi mweusi, anaogopa joka, anaagizwa alete viatu, anaungua anakufa, na wazungu wanaendelea na safari. Kwa nini hamliandiki hili? (Msomaji Mswahili, Muscat)

JIBU: Naliandika sasa na asante kwa kulisema waziwazi. Mimi sioni sababu ya kulitetea. Ile kauli ya Bond kumwambia mtu mzima amletee viatu ilikuwa mbaya siku ilipopigwa na ni mbaya leo. Kumbuka pia tarehe, wanapiga Januari na Februari 1962 na Jamaica inapata uhuru tarehe 6 Agosti mwaka huohuo, miezi miwili kabla picha haijatoka. Serikali ya Kiingereza unayoiona mle ndani ilikuwa inafungasha mizigo kwenye maisha ya kweli.

Lakini nataka wasomaji wamjue aliyecheza, maana kwenye ile nafasi ndogo aliwekwa mtu mkubwa. Anaitwa John Kitzmiller, Mmarekani mweusi kutoka Michigan, alifika Italia na jeshi la Marekani vita kuu ya pili, vita ilipoisha akabaki hukohuko akawa mwigizaji. Mwaka 1957 tamasha la Cannes lilimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwa picha ya Yugoslavia, na alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuipata. Fikiria hilo, miaka mitano baadaye mshindi wa Cannes yuko Jamaica anaambiwa achezeshe macho kwa kuogopa joka, na stelingi ni kijana ambaye hana tuzo hata moja. Alifariki Roma 1965. Ukiirudia picha mwangalie yeye peke yake, angalia anavyokaa kwenye mashua na anavyomtolea Bond kisu pale baa mara ya kwanza kabla hajamwamini, utaona fundi anafanya kazi yake kwa heshima na nafasi yenyewe haimheshimu.

Na si yeye tu. Dr. No mwenyewe kwenye stori ni mtu wa baba Mjerumani na mama Mchina, lakini amechezwa na Joseph Wiseman, mzungu wa Montreal aliyepakwa vipodozi machoni. Miss Taro, yule katibu mdanganyifu, naye anatakiwa awe Mchina, amechezwa na Zena Marshall ambaye, hii itawashangaza watu wa Kenya, alizaliwa Nairobi. Wajamaika wenyewe walipata vipande vidogo, yule dada mpiga picha anayemng'ang'ania Bond pale uwanja wa ndege ni Marguerite LeWars, Miss Jamaica wa 1961, na dereva Mr. Jones anayejiua kwa sigara yenye sumu ni Reggie Carter. Hapo tatizo halikuwa hela. Wachina wa Jamaica walikuwepo palepale Kingston, wana maduka na familia, kuwachukua kungekuwa rahisi kuliko kupaka watu rangi London.

SWALI: Kaka shikamoo. Mimi na wenzangu wanne tunatengeneza muvi ya upelelezi, tuna kamera moja na simu mbili. Ngumi zetu zinaonekana kama watoto wanacheza. Hao wa Dr. No hawakuwa na kompyuta, waliwezaje? Na je huku kwetu kuna mtu amewahi kufanya kwa hela ndogo hivi? (Kijana wa Sakina, Arusha)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tuanze na ngumi. Aliyewaokoa ni mkataji wao wa filamu, yule anayeunganisha vipande, Peter Hunt. Enzi zile mtu akitaka kutoka chumbani kamera inamfuata mpaka mlangoni, anashika kitasa, anatoka, alafu unamwona nje anafunga mlango. Hunt akaona huo ni upuuzi, anakata mtu akiwa katikati ya chumba na unamkuta yuko barabarani. Kwenye ngumi anakata pale mkono unapoanza kutoka, anaongeza spidi ya picha kidogo, anaweka mlio wa ngumi mkubwa kuliko ngumi yenyewe. Na alisema wazi kwamba kukimbiza picha namna hiyo kunasaidia watu wasigundue udhaifu wa skripti. Angalia Bond anavyopigana na yule dereva Mr. Jones, kisha zima sauti uangalie tena, utaona kazi kubwa inafanywa na sikio.

Kwa hiyo ninyi, kwanza acheni kupiga pambano zima kwa mkupuo mmoja mkiwa mmesimama mbali. Pigeni vipande vifupi, bega, mguu unateleza, uso unageuka, meza inadondoka. Kila ngumi muipige pembe mbili. Alafu sauti rekodini peke yake siku nyingine, gonga gunia la mchanga, vunja muhogo mkavu karibu na maiki ya simu. Mlio ukiwa mzito hata ngumi iliyopita sentimita kumi kutoka kwenye kidevu itauma.

Huku kwetu yupo, na wengi mnamjua. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex? ya 2010 kwa chini ya dola 200, makomando na magaidi na helikopta juu ya Kampala, helikopta ya kompyuta ambayo alijiunganishia mwenyewe kwa vipande. Bunduki zao zinachongwa na kuchomelewa hukohuko mtaani na fundi Dauda Bisaso. Muvi zenyewe waliziuza mlango kwa mlango kwenye diski. Ile kopi ya kwanza ya Captain Alex ilifutwa kwa sababu kompyuta haikuwa na nafasi ya kuhifadhi na huku kuna muvi nyingine inatakiwa kutengenezwa, iliyopona ni ile yenye sauti ya VJ Emmie anayesimulia na kushangilia juu yake kama tunavyosikia kwenye vibanda umiza vyetu, na hiyo ndo dunia nzima imeiona mtandaoni. Hii iwaingie, nunueni diski ya kuhifadhia hata ya mtumba mhifadhi kila kipande sehemu mbili.

Jambo la mwisho mlilouliza kwenye meseji ya pili, kwamba hamna ofisi ya mkuu wa adui. Nendeni ukumbi wowote mtupu saa za mchana, shule ikiwa likizo mwalimu mkuu anaweza kuwaruhusu, toeni viti vyote mbakize kimoja, zimeni taa, fungueni dirisha moja la juu, na adui wenu msimwonyeshe kabisa, tumieni sauti. Mtafuteni mzee wa mtaani mwenye sauti nzito anayejua kuongea polepole. Na majina ya wote, hadi aliyebeba taa, yaandikwe mwishoni.